Ishirō Honda, askari aliyetengeneza Godzilla, na jiwe lililotoka Katanga

Leo tuongee juu ya mtu ambaye jina lake wengi wetu hatulijui, lakini nyama yake tunaijua. Uliza kijana yeyote wa Kasongo au wa Kabambare: Godzilla ni nani? Atakujibu haraka. Ni ile nyama kubwa inatoka baharini, inabomoa manyumba kwa mkia, inatema moto. Mmoja aliiona katika filamu ya Wamarekani ya mwaka 1998, mwingine katika ile ya 2014, mwingine aliiona ikipigana na King Kong mwaka 2021, kwenye simu ya rafiki, watu sita wamebanana mbele ya kioo kimoja. Tunacheka, tunabishana nani alishinda, tunaenda kulala.

Najua kuna mtu atasema: msomi mzima na diploma yake anaandika juu ya zimwi la mpira? Avumilie kidogo. Yule Mjapani aliyeliongoza zimwi hilo mara ya kwanza, mwaka 1954, hakuwa anacheza hata kidogo. Tena habari yake inapita hapa nchini kwetu, katika shimo moja la Katanga.

Ishirō Honda alizaliwa tarehe 7 Mei 1911 katika kijiji cha Asahi, jimbo la Yamagata, kaskazini mwa Japani, sehemu ya milima na theluji. Baba yake alikuwa kuhani wa dini ya Budha. Ishirō alikuwa mtoto wa mwisho. Kaka zake walifundishwa mambo ya hekalu, lakini yeye moyo wake ulikuwa kwenye sayansi, kwa sababu kaka yake mmoja, daktari wa jeshi, alikuwa akimtumia vitabu na majarida ya sayansi. Alipofikisha kama miaka 10, familia ilihamia Tokyo.

Hapo Tokyo njo alikutana na sinema. Wakati ule filamu zilikuwa bubu. Picha inatembea bila sauti, na pembeni ya kitambaa cheupe anasimama mtu anayesimulia: huyu anasema hivi, yule amekasirika, sasa anakuja mwizi. Wajapani walimwita benshi. Honda alieleza baadaye kwamba alipokuwa mtoto, yule msimulizi alimvutia kuliko hata picha zenyewe. Sisi hatuhitaji darasa juu ya jambo hilo. Mwenye kusikia DJ Afro wa Kenya akigeuza filamu ya Wachina kuwa hadithi ya Kiswahili, na watu wanalipa kwa ajili ya ule mdomo wake, huyo anajua benshi ni mtu wa namna gani.

Alisoma mambo ya filamu kwenye Chuo Kikuu cha Nihon, na mwaka 1933 akaingia kazi katika studio ya PCL, ambayo baadaye ilikuwa sehemu ya kampuni kubwa ya Toho. Kijana wa miaka 22, ana kazi, ana ndoto. Halafu jeshi likamwita.

Hapa nataka tukae kidogo, maana bila miaka hii ya jeshi hakuna Godzilla.

Mwaka 1935 alianza utumishi katika kikosi cha askari wa miguu pale Tokyo. Tarehe 26 Februari 1936 maofisa vijana walijaribu kupindua serikali, wakaua mawaziri. Mmoja wa viongozi wa maasi hayo alikuwa amewahi kuwa mkubwa wa Honda. Honda mwenyewe hakuwamo, lakini kikosi kizima kilitiliwa mashaka, wakapelekwa Manchuria, mbali na mji mkuu. Mkubwa anafanya mambo yake, mdogo analipa deni. Katika nchi yetu hiyo haihitaji mfasiri.

Aliitwa jeshini mara tatu. Kila akirudi studio anakuta wenzake wamepanda, yeye yuko palepale, msaidizi. Rafiki yake mkubwa pale PCL alikuwa Akira Kurosawa, yule ambaye dunia nzima ilikuja kumheshimu. Kurosawa hakuenda vitani. Mwaka 1943 alitoa filamu yake ya kwanza kama mwongozaji. Honda, ambaye alianza kazi kabla yake, alingoja mpaka 1951, akiwa na miaka 40. Wale mliomaliza masomo na mmekaa nyumbani miaka minne, mitano, mnaona wenye bahati wanapita, mnaweza kumwelewa huyu mzee.

Kuna jambo lingine la vita ambalo wapenzi wake hupenda kulipita mbiombio. Huko China, kwa muda fulani, alipewa kazi ya kusimamia nyumba ambamo jeshi la Japani liliweka wanawake kwa ajili ya askari wake. Wengi wa wanawake wa nyumba kama hizo, kutoka Korea, China na kwingineko, walipelekwa kwa nguvu au kwa kudanganywa. Mwaka 1966 Honda mwenyewe aliandika makala juu ya kazi ile. Hakuificha. Lakini alikuwa ndani, na kuandika miaka ishirini na zaidi baadaye hakumrudishii mwanamke hata mmoja siku zake. Sisi wa Maniema ya kusini, tunaojua vita vimefanya nini kwa mama zetu na dada zetu, hatuwezi kumwita huyu bwana mtakatifu. Nayasema haya mapema ili tukifika kwenye sifa zake, tuzipime.

Siku moja kule China kombora lilianguka karibu naye, halikulipuka. Baadaye alilichukua, akalibeba mpaka nyumbani, akaliweka juu ya meza yake ya kuandikia. Lilikaa hapo maisha yake yote. Vita ilipokwisha alishikwa mateka na Wachina, akakaa miezi kadhaa. Wenyeji wa pale waliishi naye vizuri hata wakamwambia abaki. Alipoondoka walimpa nakala za maneno ya hekima yaliyochongwa kwenye mawe ya hekalu lao, na baadaye alikuwa akiyaandika nyuma ya karatasi za filamu zake. Adui alimpa methali, naye akazifanyia kazi.

Alirudi Japani mwezi Machi 1946. Njiani kwenda nyumbani alipita Hiroshima. Mji ulikuwa jivu.

Sasa tuache Japani kidogo, turudi kwetu.

Bomu lililounguza Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 lilikuwa la urani. Sehemu kubwa ya urani ya Wamarekani katika kazi ile ya siri ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, Katanga. Mtu anayeshuka kwa treni kutoka Kindu, akapita Kongolo, Kabalo na Kamina, akiendelea anafika Likasi; si dunia nyingine. Mgodi ulikuwa wa kampuni ya Wabelgiji, Union Minière. Mawe ya pale yalikuwa tajiri kupita kiasi: mengine zaidi ya nusu yake ilikuwa urani, wakati sehemu nyingine za dunia watu walihangaika na mawe yenye chini ya asilimia moja. Ile barua ya Agosti 1939, ambayo Albert Einstein alitia sahihi kwa Rais Roosevelt kumwonya juu ya bomu la namna mpya, inataja wazi kwamba chanzo muhimu kuliko vyote cha urani ni Kongo ya Wabelgiji. Mwaka 1940 mkubwa wa kampuni, Edgar Sengier, alipeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo New York, yakawekwa katika ghala kisiwani Staten Island. Mwaka 1942 jeshi la Marekani lilipoyatafuta, yalikuwa yameshafika.

Wachimbaji walikuwa Wakongo. Walishika mawe yale kwa mikono, na hakuna aliyewaeleza yanakwenda kufanya kazi gani.

Na si Katanga peke yake. Mwanzoni mwa 1942 Wajapani waliteka Malaya na Singapore, na Waingereza na Wamarekani wakapoteza mpira na bati ya Asia. Nani atalipa pengo? Kongo. Kasiteriti ya Kalima, hapa Maniema, ikawa mali ya vita. Wanakijiji wakarudishwa porini kugema mpira, kama nyakati za Leopold. Siku za kazi ya lazima zikapandishwa kutoka 60 mpaka 120 kwa mwaka. Babu zetu waliita hayo mambo jina lake la Kifaransa, wakilitamka kwa namna yao, na hawakulitamka kwa kucheka. Hata hospitali moja ya kivita yenye wauguzi Wakongo ilipelekwa Burma, mbele ya jeshi la Japani. Kwa hiyo wakati Honda anatembea na bunduki China, mzee mmoja wa Maniema alikuwa anabeba kikapu kwa sababu ya jeshi lile lile. Hawakujuana.

Baada ya vita Honda alianza upya chini. Mwaka 1949 alikuwa msaidizi wa Kurosawa katika filamu ya Mbwa Mpotevu, habari ya polisi aliyeibiwa bastola yake. Kurosawa alimtuma mitaani na kamera, kwenye masoko ya magendo ya Tokyo, apige picha za maisha yalivyo: njaa, uchafu, askari waliorudi bila kazi. Baadaye Kurosawa alikiri kwamba hali halisi inayoonekana mule ni kazi ya Honda. Mwaka 1951 akaongoza filamu yake mwenyewe, Lulu ya Bluu, juu ya wanawake wanaozamia baharini kutafuta lulu.

Halafu ukafika 1954. Tarehe 1 Machi, Marekani ililipua bomu la haidrojeni kwenye kisiwa cha Bikini, bahari ya Pasifiki. Mashua ya wavuvi wa Kijapani, Lucky Dragon namba 5, ilikuwa nje ya eneo lililokatazwa, lakini bomu lilikuwa na nguvu kuliko wenyewe walivyohesabu. Majivu meupe yaliwaangukia wavuvi 23 kama theluji. Walirudi nyumbani ngozi zimeungua. Fundi wa redio, Aikichi Kuboyama, alikufa tarehe 23 Septemba. Watu Japani wakaogopa hata kula samaki.

Wakati huohuo mtayarishaji mmoja wa Toho, Tomoyuki Tanaka, alikuwa amekwama. Filamu aliyopanga kutengeneza na Waindonesia ilikufa, na katika ndege ya kurudi kutoka Jakarta alitazama bahari chini, akajiuliza: humu ndani kama kungekuwa na kitu kilicholala, bomu likakiamsha? Alimpa mwongozaji mwingine kwanza, huyo akakataa. Njo wakamfikia Honda. Honda alikubali bila kuona aibu. Tuseme ukweli, katika watu wote wa studio ile, wachache walikuwa wameona yale aliyoyaona.

Jina lenyewe, Gojira, ni maneno mawili ya Kijapani yameungwa: gorila na nyangumi. Gorila wanatoka misitu yetu hii ya mashariki, basi hata kwenye jina tumo kidogo. Fundi wa picha za hila alikuwa Eiji Tsuburaya. Alitamani kutumia zimwi dogo la kusogezwa hatua kwa hatua kama walivyofanya Wamarekani kwa King Kong, lakini muda na fedha havikutosha. Akamvika mtu, Haruo Nakajima, vazi zito la karibu kilo 100, akamtembeza juu ya mji mdogo wa kuchonga chini ya taa kali mpaka kijana anaanguka kwa joto. Ule mngurumo? Mtunzi wa muziki, Akira Ifukube, alichukua glovu ya ngozi iliyopakwa utomvu wa mti, akaisugua kwenye nyuzi za fidla kubwa ya besi. Watu wa kukosa vitu ni watu wa kubuni vitu. Sisi tunaotengeneza pikipiki kwa waya tunawafahamu.

Ila hayo ni ufundi. Tofauti ya Honda ilikuwa kwingine. Aliwaonya wafanyakazi wake kwamba asiyeiamini habari hii kama kitu cha kweli aondoke. Hakupiga picha za zimwi kama mchezo wa ngumi. Alipiga picha za watu. Katika filamu ile kuna mama amejikunyata ukutani na watoto wake, Tokyo inaungua, anawaambia kwamba sasa hivi watakutana na baba yao, yaani marehemu. Kuna msichana ndani ya treni anaongea kikawaida kabisa kwamba yeye aliponea Nagasaki na sasa jambo lingine hili. Kuna hospitali: watu wamelazwa sakafuni, na mtaalamu anapitisha kipima mionzi kwa mtoto mdogo ambaye anaonekana mzima, halafu anatikisa kichwa. Hakuna zimwi katika picha hizo. Ukitoa Godzilla, zinabaki kuwa picha za Hiroshima. Honda alieleza kwamba alitaka mionzi, kitu kisichoonekana, watu wakione kwa macho.

Mwanasayansi wa hadithi hii, Serizawa, amegundua silaha ya kuua Godzilla. Anakataa kuitoa. Anajua wakubwa wakishaiona watairudia. Mwisho anaitumia mara moja, anachoma maandishi yake yote, na anajiua chini ya bahari ili siri isitolewe kichwani mwake. Wanafunzi wa fizikia na kemia, someni hapo vizuri. Na mimi hapo huwa nakumbuka jambo: mwaka 1959, kwenye chuo kikuu cha Lovanium, Kinshasa, iliwashwa mashine ya kwanza ya nguvu za atomiki katika Afrika nzima. Ilikuwa namna ya asante kwa urani yetu. Asante hiyo tulipewa. Swali la Serizawa hatukuulizwa.

Filamu ilitoka tarehe 3 Novemba 1954, na tiketi zaidi ya milioni 9 ziliuzwa. Waandishi wengine wa magazeti waliidharau, eti inafanya biashara na msiba. Watu walijaza ukumbi na wengine walitoka wanalia.

Halafu Wamarekani wakainunua. Mwaka 1956 waliitoa upya, wakapachika ndani mwandishi wa habari Mmarekani, mwigizaji Raymond Burr, ili awaeleze Wamarekani wenzake yanayotokea Tokyo. Yule msichana wa Nagasaki ndani ya treni alikatwa. Maneno mengi juu ya bomu yalikatwa au kulainishwa. Kilichobaki ni nyama kubwa inabomoa mji, na mzungu anaitazama kwa dirisha. Toleo hilo njo lilizunguka sehemu kubwa ya dunia. Filamu yenyewe ya Honda, nzima, ilingoja mpaka 2004 kuonyeshwa ipasavyo katika kumbi za Marekani, yeye akiwa ameshakufa miaka 11.

Jambo hilo linaniuma kuliko mengine yote katika habari hii. Vita vyetu vya 1996 na 1998, na vile vilivyofuata vya vikundi vya Kabambare, vimepigwa picha na kamera za wageni, na karibu kila mara yuko mgeni mmoja amesimama mbele anatueleza. Mama wa ukutani anakatwa. Na ndani ya filamu ya Honda mwenyewe, pamoja na ukweli wake wote, hakuna mtu anayeuliza lile jiwe lilichimbwa wapi na nani. Mgodi wa Shinkolobwe ulifungwa kwa amri ya rais mwaka 2004, na miezi michache baadaye uliporomoka juu ya wachimbaji waliokuwa bado wanaingia kutafuta kobalti.

Honda aliendelea. Rodan mwaka 1956, Mothra mwaka 1961, King Kong dhidi ya Godzilla mwaka 1962, na mengine mengi. Kati ya hizo mimi nachagua Mothra. Tajiri mmoja anakwenda kisiwa kilichopigwa majaribio ya mabomu, anaiba wasichana wawili wadogo sana, anawapeleka mjini kuwaonyesha jukwaani kwa tiketi. Zimwi linakuja kuwachukua watu wake, basi. Anayejua kwamba mwaka 1897 Wakongo 267 walipelekwa Tervuren, Ubelgiji, kutazamwa kama wanyama wa bustani, na 7 walifia huko, ataitazama filamu ile kwa jicho lingine. Lakini pia ataona kwamba wenyeji wa kisiwa wameigizwa na Wajapani waliopakwa rangi ya kahawia, wanacheza ngoma za kubuni. Mtu anaweza kulia juu ya dharau huku anaifanya.

Baada ya hapo kampuni ilitaka watoto. Mazimwi yakaanza kupigana mieleka na kuchekesha. Honda hakuwa mtu wa kugonga meza. Alikuwa mpole, mtu wa kampuni, aliambiwa fanya akafanya. Wengine wanaita hiyo udhaifu. Televisheni ilishavuruga kumbi za sinema, na mwaka 1975, na filamu ya Mechagodzilla, aliacha kuongoza.

Angeweza kuishia hapo, mzee wa kucheza gofu. Lakini Kurosawa alimwita. Kuanzia Kagemusha ya mwaka 1980, Honda, mzee wa miaka karibu 70 aliyeongoza filamu zaidi ya 40, alirudi kuwa msaidizi wa rafiki yake, kama wakati wa ujana. Hakuona ni kushuka. Walifanya pamoja Ran mwaka 1985, na Ndoto mwaka 1990, ambamo ofisa mmoja anatoka vitani peke yake, anapita katika handaki, na nyuma yake vinasikika viatu vya askari wake wote waliokufa. Anawaamuru warudi, wao hawajui kama wamekufa. Kurosawa hakuwahi kuwa askari; aliyekuwa pembeni ya kamera akiwaonyesha waigizaji jinsi kikosi kinavyotembea na kupiga saluti alikuwa Honda.

Mwaka 1991 wakatoa filamu ya bibi mmoja wa Nagasaki ambaye mume wake alikufa kwa bomu. Haina zimwi. Kazi ya mwisho waliyofanya pamoja, Madadayo, ilifika kwenye kumbi mwezi Aprili 1993. Honda hakuiona ikitoka, alikuwa amekufa Tokyo tarehe 28 Februari, na lile kombora la China lilikuwa bado juu ya meza.